Mchezo wa Kumpita Mwenyekiti

Bwana Hatibu Mkelemi hakuwa na gari. Hakuwa na bendera ndogo ya kupepea mbele ya gari hilo ambalo hakuwa nalo, wala dereva wa kumfungulia mlango wake. Hakuwa na kiti chenye mikono. Kiti alichopewa Barazani kilikuwa na mgongo tu, na kila alipotaka kuegemeza kiwiko ili aonekane anafikiri, kiwiko kiliangukia hewani. Hakuwa na kikombe chenye kifuniko. Hakuwa na kengele ya kuitia watu. Hakuwa na picha yake ukutani. Na zaidi ya yote hakuwa na muda, maana mvua zikiisha alikuwa anastaafu, na katika nchi ile mtu akistaafu akiwa Naibu huzikwa akiwa Naibu, na kaburi lake huandikwa hivyo kwa herufi ndogo.

Vitu vyote hivyo, kuanzia gari mpaka picha, alikuwa navyo Bwana Faraji Ndimbo.

Ndimbo na Mkelemi walianza kazi siku moja, wakiwa vijana wenye suruali za kushonewa na fundi mmoja. Ndimbo akapanda cheo. Mkelemi akapanda cheo pia, lakini kila alipofika juu ya ngazi alikuta Ndimbo ameshahamia ngazi nyingine. Sasa Ndimbo alikuwa Mwenyekiti wa Baraza la Kupima Ufaafu wa Burudani, na Mkelemi alikuwa Naibu wake. Kazi ya Naibu ilikuwa kushika bahasha wakati Mwenyekiti anapoipiga lakiri, kisha kuipeleka Ikulu kwa miguu. Ndimbo alikuwa na mazoea ya kutafuna karafuu, na kwa miaka mingi barua zote za Baraza zilinukia karafuu, na Mkelemi aliyezibeba alinukia karafuu, na mkewe alimwambia, "Angalau harufu ya uenyekiti umeipata, Baba Rukia."

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Iko mbali sana, na mambo yake hayafanani na ya kwetu hata kidogo. Ilitawaliwa na mzee mmoja aliyeitwa Mtukufu Aliye Mbele, na sheria yake kuu ilikuwa Sheria ya Adabu Barabarani, isemayo kwamba mwenye gari aliye chini kwa cheo hampiti mwenye gari aliye juu. Ni sheria nzuri. Shida ndogo ilikuwa kwamba Mtukufu alipenda kuendesha mwenyewe, na alipenda kutazama maua. Nyuma yake walifuata mawaziri, nyuma ya mawaziri majaji, nyuma ya majaji wenyeviti, na nyuma yao wote gari la zimamoto, ambalo siku moja lilifika kwenye moto likakuta nyumba imekwisha kujengwa upya na wenyewe wanapaka rangi. Zimamoto walipongezwa kwa adabu.

Basi ndipo ulipoingia mchezo.

Ulikuwa mchezo wa video wa mbio za magari, unaochezwa kwenye televisheni kwa kishikio chenye vitufe, na uliitwa Upepo wa Lami. Watoto waliupenda kama walivyopenda sikukuu. Hakuna aliyeona ubaya wake mpaka mjukuu wa Waziri wa Uvumilivu alipokuwa kwenye gari la babu yake, nyuma ya msafara, akauliza kwa sauti ambayo magari matatu yaliisikia:

"Babu, mbona hatumpiti?"

Waziri alilazwa kwa presha. Siku hiyohiyo amri ikatoka: mashine zote za mchezo huo zikamatwe na kuteketezwa, isipokuwa moja tu iwe kielelezo, na Baraza lipime na kuamua kama mchezo huo unawafaa watoto.

*

Kikao cha kwanza kilifanyika katika Ukumbi wa Tafakuri. Wajumbe walivaa majoho. Mwenyekiti Ndimbo aligonga kengele yake, akafunua kikombe chake, akakifunika tena, na Mkelemi alifuatilia kifuniko kile kwa macho kwenda na kurudi.

"Waheshimiwa," alisema Ndimbo, "tumekabidhiwa watoto wa taifa. Watoto ni nini? Watoto ni watu wazima ambao hawajachelewa. Ni jukumu letu kuwachelewesha kwa uangalifu."

Makofi yalipigwa. Mjumbe mmoja mwenye kofia ya manyoya aliuliza kama haingekuwa busara kumwita mtoto mmoja aeleze anavyouona mchezo.

"Mtoto!" Ndimbo alishtuka. "Ana cheo gani?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Sasa tutamkalisha wapi? Nyuma ya nani?"

Hoja ikafa hapohapo. Iliamuliwa kwamba wajumbe wacheze wenyewe. Mashine ilikuwa na vishikio vinne, kwa hiyo walicheza wanne kwa mpangilio wa vyeo: Mwenyekiti, Naibu, Mweka Hazina, na yule wa kofia ya manyoya. Bi Sikitu, Karani wa Baraza, mwanamke ambaye hakuwahi kuacha neno likapita bila kuliandika, alikaa pembeni na kalamu.

Taa ya kijani iliwaka kwenye kioo. Gari la Mwenyekiti likaondoka, likapinda taratibu, likaenda kugonga ukuta wa mapambo, likabaki hapo pua ikiwa ukutani. Magari ya wajumbe watatu yalikuja nyuma yake, yakapanga mstari, yakasimama.

Walisubiri. Mkelemi alitazama nyuma ya gari lile la Ndimbo, bampa na taa mbili nyekundu, akahisi kwamba amelitazama gari hilo maisha yake yote.

Ghafla gari jekundu likawapita wote kwa mngurumo. Kisha la bluu. Kisha mengine mengi.

"Ni nani hao?" Ndimbo alifoka.

"Ni magari ya mchezo wenyewe, Mheshimiwa," alisema Mweka Hazina. "Yanajiendesha. Hayana mtu."

"Kutokuwa na mtu si kisingizio cha kukosa adabu. Karani, andika."

Bi Sikitu aliandika hati ya kuliita Barazani gari jekundu nambari saba, pamoja na dereva wake, na kama halina dereva, lieleze kwa nini halina. Hati ilibandikwa kwenye televisheni kwa gundi. Wajumbe waliendelea kusimama kwa heshima nyuma ya Mwenyekiti pale ukutani mpaka ofisi zilipofungwa, na kumbukumbu zikaandikwa kwamba mbio zilikwenda vizuri ila mshindi hakupatikana kwa sababu Mwenyekiti hakuwa ameamua kuondoka.

Habari zilipofika Ikulu, Mtukufu alisema angependa kuona mwenyewe. Kikao cha pili kikapangwa kifanyike mbele yake, na taifa lote litazame.

*

Kielelezo kilihitaji pa kuwekwa. Ghala la Baraza lilikuwa limejaa kengele mbovu, na Ndimbo hakutaka kitu kinachonguruma nyumbani kwake, kwa hiyo akamwambia Naibu akichukue. Mkelemi alikibeba kichwani mpaka nyumbani kwake, Mtaa wa Utiifu, huku gari la Ndimbo likimfuata nyuma polepole na bendera yake, maana lilikuwa limekwama kwenye msafara.

Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa amewahi kufundisha cherehani, na mikono yake ilikuwa bado miepesi. Alitazama mashine ikiunganishwa.

"Hii ndiyo iliyomlaza Waziri?"

"Ndiyo hii. Usiiguse, ni ya serikali."

"Na Ndimbo anaiendeshaje?"

Mkelemi alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu, mahali palepale kilipozoea kuchoma. "Kwa nini unauliza Ndimbo? Kwa nini usiulize mimi ninaiendeshaje?"

"Haya. Wewe unaiendeshaje?"

"Nyuma ya Ndimbo," alisema Mkelemi.

Bi Mwanaidi alichukua kishikio cha pili. Mchana ule alimpita mumewe mara nyingi kiasi kwamba aliacha kuhesabu na kuanza kuimba. Mkelemi hakuwa amemsikia akiimba tangu Rukia alipoolewa. Alitaka kukasirika, lakini aligundua jambo: mchezo ule uliruhusu mtu kuliita gari lililo mbele jina lolote. Aliandika NDIMBO juu ya gari jekundu nambari saba. Kisha akabonyeza kitufe cha mafuta.

Hakulikamata siku ile, wala siku iliyofuata. Alirudi kila mchana na kukaa mbele ya kioo akiwa na kanzu ya ndani, akipinda mwili mzima kwenye kona kana kwamba kochi lenyewe lingepinduka.

"Usikanyage mafuta kwenye kona, Baba Rukia! Achia, halafu ukandamize ukishanyooka. Kama kushona pindo."

"Usinifundishe, mimi ni Naibu Mwenyekiti."

"Basi baki huko nyuma, Naibu."

Alikubali kufundishwa. Vidole gumba vyake vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na chini yake ikaota ngozi ngumu. Mchana mmoja, kwenye kona ya mwisho, aliachia, akanyooka, akakandamiza, na gari lenye jina la NDIMBO likapita ubavuni mwake, likarudi nyuma, likawa dogo kwenye kioo cha pembeni, likatoweka. Mkelemi aliweka kishikio chini. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yamtoke.

"Tena," alisema.

*

Siku ya kikao cha pili ukumbi ulijaa. Mtukufu Aliye Mbele aliketi katika safu ya mbele, kama jina lake lilivyotaka, akalala usingizi mara moja. Waziri wa Uvumilivu, aliyepona nusu, alitoa hotuba kuhusu mchango wa subira katika usafirishaji. Mwenyekiti Ndimbo akatoa nyingine ndefu zaidi.

"Leo," alimaliza, "taifa litaona namna kiongozi anavyoongoza. Sitagonga ukuta. Nimezungumza na ukuta."

Taa ya kijani ikawaka. Kweli safari hii Ndimbo hakugonga kitu. Alikuwa amejifunza kushika katikati ya barabara, na akaenda kwa mwendo wa kutazama maua, akipunga mkono wake mmoja kwa umati. Nyuma yake walifuata Naibu, Mweka Hazina na yule wa kofia. Umati ulipiga makofi kwa kila mita.

Mkelemi alitazama bampa. Alitazama taa mbili nyekundu. Alimtazama Ndimbo mwenyewe, aliyekaa kwenye kiti chenye mikono, viwiko vikiwa vimepumzika pande zote mbili kama watoto waliolala. Akafikiria kaburi lenye herufi ndogo. Kona ikaja. Vidole gumba vyake, bila kumwomba ruhusa, vikaachia, vikasubiri barabara inyooke, vikakandamiza.

Gari la Naibu lilimpita Mwenyekiti.

Ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja, na pumzi ile haikurudi. Mweka Hazina aliangusha kishikio. Bi Sikitu, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Kimya kile kilikuwa kikubwa mno hata kikamwamsha Mtukufu.

Mtukufu alifumbua macho, akatazama kioo. "Nani huyo aliye mbele?"

"Ni... ni Bwana Mkelemi, Mtukufu," alisema Waziri, jasho likimtiririka.

"Ndiye Mwenyekiti?"

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya elimu. Waziri hakuweza kujibu hapana, kwa sababu hapana ingekuwa na maana kwamba sheria imevunjwa mbele ya Mtukufu, na sheria haiwezi kuvunjwa mbele ya Mtukufu, hilo limeandikwa. Akageuka kumtazama Bi Sikitu. Bi Sikitu akafikiri, akasoma kwa sauti huku akiandika:

"Aliye chini hampiti aliye juu. Bwana Mkelemi amempita Bwana Ndimbo. Kwa hiyo Bwana Mkelemi alikuwa juu. Kosa ni la ofisi, ambayo kwa miaka yote hiyo haikugundua."

"Ndiye, Mtukufu!" Waziri alilia kwa furaha. "Ndiye Mwenyekiti!"

"Vizuri," alisema Mtukufu. "Anaendesha haraka kidogo." Akalala tena.

Ndimbo alisimama. Akatoka nje. Alifungua bendera ndogo kutoka kwenye gari lake, akaikunja vizuri, akarudi kumkabidhi Mkelemi kwa mikono miwili. Kisha akatia karafuu mdomoni na kuondoka kwa miguu.

*

Mkelemi alipata gari. Alipata bendera, dereva, kengele na kikombe, na alikaa siku nzima akikifunua na kukifunika. Picha yake ilipigwa akiwa ameegemeza viwiko vyote viwili.

Lakini mwenye gari ni lazima awe barabarani, na barabarani alikuwako Mtukufu, na mbele ya Mtukufu kulikuwa na maua, na ule ulikuwa msimu wa kuchanua. Mkelemi alipokuwa akitembea kwa miguu alifika nyumbani kabla ubwabwa haujapoa. Sasa alitoka ofisini mchana, na akafika nyumbani chakula kimeshaliwa. Sheria haikuwa imewataja watembea kwa miguu. Kila siku, akiwa amekaa nyuma ya kioo cha gari, alimwona Naibu Ndimbo akija kwa miguu, akimpita, akivua kofia.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," Mkelemi alijibu, na moyo ukamuuma. Jinsi Ndimbo alivyokuwa akitembea! Mikono inaning'inia, upepo shingoni. "Anakwenda wapi kwa haraka hivyo kila siku?" alimuuliza dereva wake.

"Sijui, Mheshimiwa. Hukata kona pale Mtaa wa Utiifu. Labda ana fundi huko."

"Kuna mafundi wengi mtaani kwetu," alisema Mkelemi, akiendelea kuvionea wivu viatu vya Ndimbo.

Nyumbani nako hakukuwa kama zamani. Jioni ya kwanza ya uenyekiti wake alikaa kwenye kochi, akashika kishikio, na mkewe alipompita kwenye kona ya kwanza alisimamisha mchezo.

"Mama Rukia. Mimi sasa ni Mwenyekiti."

"Najua. Hongera. Endelea."

"Huwezi kunipita."

Bi Mwanaidi alimgeukia. "Hata sebuleni?"

"Sheria haisemi isipokuwa sebuleni."

Mkewe alicheza nyuma yake siku ile, bila wimbo, kisha akaweka kishikio chini akasema macho yanamuuma. Hakukishika tena mumewe akiwapo. Siku chache baadaye Mkelemi alifika amechoka, akakuta mashine ina joto na sebule nzima inanukia karafuu.

"Jino linanisumbua," alisema Bi Mwanaidi. Alikuwa akiimba tena.

"Pole," alisema Mkelemi, akafurahi kwamba mkewe anaimba.

*

Mwishowe ilibaki hukumu. Watoto wa taifa walikuwa bado wanasubiri kuambiwa kama mchezo unawafaa, na baadhi yao kwa kusubiri walikuwa wamebalehe. Mkelemi aliandika hukumu kwa mkono wake, kwa mwandiko aliojivunia. Aliandika kwamba Upepo wa Lami hauwafai watoto, kwa kuwa unawafundisha kwamba aliye nyuma anaweza kuwa mbele. Kwamba hauwafai watu wazima, kwa kuwa wanajifunza haraka kuliko watoto. Kwamba hauwafai wastaafu, kwa kuwa wana nafasi ya kufanya mazoezi. Kielelezo kibaki daima nyumbani kwa Mwenyekiti, chini ya uangalizi wa mkewe, mwanamke mwaminifu mwenye macho mabovu. Na kila mwaka, mvua zikikaribia kuisha, Mwenyekiti na Naibu wake waucheze hadharani mbele ya Mtukufu, ili taifa lisisahau nani yuko mbele.

Sehemu hiyo ya mwisho aliisoma mara kadhaa kwa utamu. Akakunja karatasi, akaitia katika bahasha, akagonga kengele.

Ndimbo aliingia. Alikuwa amekonda kidogo na alionekana kijana zaidi, jambo ambalo Mkelemi alilichukia.

"Bahasha, Naibu."

"Naam, Mheshimiwa."

Kama utaratibu ulivyotaka, Naibu aliiweka bahasha mezani akaishika pembe zake kwa vidole gumba vyote viwili isiteleze. Mkelemi aliinamisha mshumaa. Lakiri nyekundu ilidondoka, ikatanda. Akachukua muhuri, akaukandamiza kwa uzito wake wote, akahesabu moyoni kama alivyokuwa akimwona Ndimbo akihesabu, akauinua. Muhuri ulikuwa umetoka safi. Kwa sheria ya nchi ile, lakiri ikishapigwa haifunguliwi na mkono wowote chini ya Ikulu.

Hapo ndipo alipoviona vidole vya Ndimbo.

Kidole gumba cha kulia kilikuwa na lengelenge lililopasuka. Cha kushoto kilikuwa kimepita hatua hiyo. Ngozi yake ilikuwa ngumu, inang'aa, sawa kabisa na ya kwake. Mkelemi alivitazama. Katika nchi nzima mashine zote zilikuwa zimechomwa. Ilibaki moja, na ilikuwa sebuleni kwake.

Chumba kilinukia karafuu.

"Naibu," alisema, "unakwenda kwa fundi gani kule Mtaa wa Utiifu?"

"Fundi mzuri sana, Mheshimiwa," Ndimbo alisema kwa adabu kubwa. "Fundi wa cherehani. Ananifundisha kushona pindo."

Nje honi zililia. Mtukufu alikuwa amefika kwenye bustani ya manispaa, na gari la Mwenyekiti lilikuwa tayari limepangwa kwenye foleni, bendera yake ikipepea. Mkelemi alinyoosha mkono kuelekea bahasha. Ndimbo alishaichukua. Aliitia ndani ya koti, akavaa kofia, akainama kidogo.

"Niipeleke, Mheshimiwa?"

Mkelemi aliegemeza viwiko kwenye mikono ya kiti, kimoja huku, kimoja huku.

"Ipeleke," alisema.